Pasi Kwenye Alama ya Pili

Dobi alikuwa na sheria moja tu ya kwake mwenyewe maishani, nyingine zote aliziazima kwa watu: mfuko kwanza, pasi baadaye. Hakuna nguo iliyopanda mezani pake bila kusachiwa. Alishatoa mifukoni funguo, seti ya meno ya bandia, picha ya mwanamke ambaye siye mke wa mwenye suruali, na siku moja yai bichi ambalo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kulidai. Watu walimwita Mstari, kwa sababu mstari aliouweka kwenye suruali ungeweza kukata kitunguu, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Sasa mtu wa namna hiyo, siku akikosea, hakosei kidogo.

Meza yake ilikuwa barazani kwa mama yake. Upande wa pili wa ua, ndani ya banda la mabati lililo wazi pande tatu, alifanyia kazi dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima, mama yao akiwemo, ulimwita Fundi. Alikuwa fundi wa televisheni tangu enzi za zile zenye kisogo kikubwa, ambazo ukizipiga kofi ubavuni zinapona. Zilipokuja hizi bapa, mambo yakageuka. Kioo kikipasuka hakuna cha kutengeneza. Mwenye televisheni humwachia fundi, huahidi kurudi, na ahadi yenyewe ni ya mlevi. Vioo vikarundikana bandani mpaka mama akasema iko siku vitawahamisha wao nyumbani ili vikae vyenyewe.

Ndipo Fundi aliposikia, kwenye mafunzo ya mafundi, kwamba ndani ya kila kioo cha aina hiyo kuna utando wa metali, mwembamba hata macho yanapita ndani yake bila kujua. Metali hiyo inaitwa indiamu. Ni adimu, na viwanda vinavyotengeneza vioo vipya vinaigombania. Siku hiyo alirudi nyumbani, hakula, akaenda kusimama mbele ya ule mrundo wake wa vioo vilivyopasuka kama mtu aliyeambiwa kwamba amelalia godoro la mali miaka yote.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwanza alitoa taa za ndani, vile vijiti vyembamba vya kioo vyenye zebaki, akavihifadhi kwenye pipa lenye kifuniko cha kukaza, maana zebaki haina msamaha. Kisha akaponda vioo, akavilowesha kwenye ndoo za tindikali, glavu mpaka viwikoni, barakoa usoni. Maji yale akayachuja, akatumbukiza vipande vya zinki, na juu ya zinki pakaota ukoko wa kijivu. Ukoko huo akaukwangua, akaukamua, akauyeyusha kwenye sufuria ndogo juu ya mkaa. Sufuria ilikuwa ya mama. Hakuombwa, na hajasahau.

Donge la kwanza lilipotoka, Fundi alilipeleka kwa Mnunuzi, bwana mmoja anayekusanya metali adimu kwa ajili ya viwanda na mwenye mashine ya kushika mkononi ambayo ukiielekeza kwenye metali inakutajia jina lake. Mnunuzi hakumkaribisha ndani. Alimwacha amesimama mlangoni, akaelekeza mashine, akaisoma, akacheka. Hakucheka kwa ubaya sana, lakini alicheka.

"Mama, hili ni bati," alimwambia. "Kwenye kioo, bati na indiamu wanalala kitanda kimoja. Wewe umemwamsha bati, mwenzake umemwacha anakoroma. Jaribu mara nyingine moja. Ukiniletea bati tena, tusisumbuane."

Fundi akarudi nyumbani na bati lake. Na hapo ndipo mdogo wake, badala ya kunyamaza, alipoamua kuchekesha.

Mteja mmoja alimuuliza ule moshi wa bandani ni wa nini. Mstari, bila kuinua macho kwenye pasi, akajibu, "Dada yangu anapika vioo. Vikiiva nitawaita mje na sahani." Watu wakacheka. Kesho yake akaurudia utani huo kwa mwingine, na wa tatu akaudai mwenyewe. Maneno hayana miguu lakini yanafika. Yakavuka ua, yakaingia bandani. Fundi alitoka, akasimama mbele ya meza ya mdogo wake, akasema, "Mimi angalau nikimaliza kazi imekwisha. Wewe unanyoosha suruali za wenzako wakazikunje tena." Kisha akageuka akaenda zake, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Walinuniana kwelikweli. Nyumba moja, ua mmoja, chungu kimoja, na maneno yote yalipitia kwa mama. "Mwambie dada yako maji ya bomba yamerudi." "Mwambie mdogo wangu nimesikia, sina uziwi." Mama, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, alikuwa akivuka ua huo kutwa, huku na huku, akilalamika kwamba alizaa watoto wawili akapata kazi ya tarishi. Alikuwa na msemo wake aliourudia kwa majirani: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Majirani hawakuchukua jembe. Walijua wakipatana ni zamu ya kapu, na zamu hiyo iko karibu, maana hawa wawili hawakuwa watu wa kuchukiana.

Na ushahidi ulikuwepo. Katikati ya kununa huko, pasi ya Mstari iliharibika. Ilikuwa inawaka bila kuzima, ikamuunguzia gauni la watu. Mama akaibeba kwenda bandani. Jioni akairudisha imepona, na ujumbe juu yake.

"Dada yako anasema hivi: kile kidude cha ndani kinachowasha na kuzima moto amekibadilisha. Alama ya pili sasa ni ya kweli. Ameipima kwa kipimajoto, ameirudia mara kibao. Haivuki mia na sabini. Nguo laini usiogope tena."

"Mwambie asante."

"Si uende umwambie mwenyewe? Ni hatua ngapi hizo?"

"Mwambie tu, Mama."

Mama akavuka ua na lile asante lake kavu.

Fundi naye alikuwa ameshika njia nyingine bandani. Safari hii, kabla ya kutia zinki, aliipunguza ukali ile tindikali kidogo kidogo mpaka bati likaamka peke yake, likatuama chini kama uji mweupe. Akalichuja kwa vitambaa. Ndipo akatia zinki. Ukoko ulioota safari hii ulikuwa laini zaidi, na donge lililotoka sufuriani lilikuwa jeupe la kung'aa, laini hata ukucha unaingia. Alilipinda karibu na sikio, akasikia likilia kwa sauti ndogo, krii. Moyo ukamruka, kisha ukatua, kwa kuwa bati nalo likipindwa hulia. Alilisugua kwenye karatasi likaacha mstari wa kijivu; lakini risasi nayo huandika. Kila alipouliza, metali ilimjibu labda.

Akamwambia mama, na alijua mama atafikisha ng'ambo ya pili: "Kesho asubuhi nakwenda kwa Mnunuzi. Nikirudi na bati tena, naita lori, vioo vyote viondoke, na mimi natafuta duka la mtu nikae nimuuzie. Nimechoka, Mama."

Mama akafikisha. Mstari akasema "mh," akapiga shati pasi mara mbili bila kujua.

Mchana huo Fundi alilibapaza donge kwa kuviringisha chupa juu yake, ili mashine ya Mnunuzi ipate uso mpana wa kusoma. Likawa bamba jembamba, dogo kuliko kiganja. Akalikunjia kwenye karatasi, akalitia mfuko wa ndani wa koti lake la buluu, koti lake pekee la kutokea, ili kesho asilisahau. Akalitundika koti msumarini, akaenda kuoga.

Mama akapita, akaliona koti. Lilikuwa limejikunja kote kama lililotafunwa na mbuzi likatemwa. Akasema moyoni mwake, huyu mwanangu hawezi kwenda mbele za watu hivi. Hakuuliza mtu. Akalitungua, akalipeleka barazani.

"Lipige pasi. Dada yako kesho anakwenda kwa watu."

"Amesema yeye?"

"Nimesema mimi."

Mstari alilipokea koti, na hasira ikampanda palepale. Hata koti lake, dada yake hawezi kulileta mwenyewe! Hata neno moja, mdogo wangu naomba, lingemtoa jino? Akalitandaza mezani kwa nguvu, akaanza kupiga pasi huku akimmwagia mama yake malalamiko yote yaliyokuwa yamemkaa kooni. Kwamba yeye alitania tu. Kwamba dada hajui utani. Kwamba lori likija ni heri, ua utapumua. Mama naye hakukubali kuachwa nyuma, akamjibu lake kwa lake.

"Utani gani wa kumcheka mtu aliyekubeba mgongoni?"

"Mama, hilo la mgongoni utalisema mpaka lini?"

"Mpaka utakaposhuka!"

Mkono wa pasi ulikuwa umefika kifuani mwa koti. Palikuwa na mahali pamevimba kidogo, panakataa kunyooka. Mstari akapakandamiza. Pakakataa. Akaiegemea pasi kwa uzito wake wote, akaiacha hapohapo huku amegeuza uso kumjibu mama, kwa muda ambao dobi yeyote mwenye akili angeona haya.

Alipoinua pasi, pale palipovimba palikuwa pamelala. Akafurahi. Kisha akaona, chini kwenye bitana, kitu kinachong'aa kikichungulia.

Aliingiza vidole mfukoni. Karatasi ilikuwa imeungua rangi ya chai. Ndani yake hapakuwa na bamba tena. Metali ilikuwa imetoka kwenye mikunjo ya karatasi, imejitandaza ndani ya mfuko, imetambaa kwenye bitana kwa michirizi na matone, tayari imeshaganda.

"Mama," alisema. "Humu mlikuwa na nini?"

Mama akatazama. Akaweka mkono mdomoni. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu, lakini wote wawili walijua mara moja kitu gani kingekuwa mfukoni mwa Fundi leo.

Mstari akakaa kwenye kigoda. Miezi yote ile ya ndoo na barakoa na kukohoa, na kwa mkono wake mwenyewe, kwa hasira ya kitoto, ameimaliza siku moja kabla. Mfuko kwanza, pasi baadaye. Amesachi mifuko ya watu asiowajua maisha yake yote, mfuko wa dada yake ndio ukamshinda.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la aibu, na afadhali lisemwe. Aliwaza kulikunja koti vizuri na kulirudisha msumarini. Dada angelivaa asubuhi, angefika kwa Mnunuzi, angetia mkono mfukoni, na nani angejua? Wazo la pili lilikuwa baya zaidi: kumwachia mama lawama, kwa kuwa ndiye aliyelileta. Alimtazama mama yake, akamwona anatetemeka kidevu, mzee wa watu, tayari anatafuta maneno ya kujitwisha kosa lote. Hapo Mstari akajionea kinyaa.

"Kaa hapa, Mama. Mimi ndiye niliyeshika pasi."

Akalibeba koti kwa mikono miwili, akavuka ua. Hakukumbuka mara ya mwisho alipouvuka kuelekea upande ule. Fundi alikuwa ametoka kuoga, kitambaa kichwani, anafunika ndoo zake.

"Dada."

Neno lilikuwa limekaa sana bila kutumika. Lilitoka limekwaruza.

Fundi aligeuka. Alimtazama mdogo wake, akatazama koti, akatazama ukuta ambako msumari ulikuwa mtupu. Uso wake ukabadilika polepole.

"Umekagua mfuko?"

"Sikukagua."

Akalichukua, akalifungua upande wa ndani. Akaitazama ile michirizi iliyoganda. Hakupiga kelele, na Mstari angelipa chochote apigiwe kelele. Akaanza kusema yeye, maneno yakimwagika yote kwa pamoja.

"Nilikuwa na hasira, Dada. Hasira hasara, najua, usiniambie. Kikulacho ki nguoni mwako, sema hilo nalo, nastahili. Kesho nitakwenda mimi kwa huyo bwana, nitapiga magoti, nitamwambia kosa ni langu akuongezee siku. Na ule utani wa sahani, Dada, ulikuwa wa kijinga. Niliuona ni wa kijinga tangu siku ya kwanza, nikaendelea kwa sababu watu walicheka."

"Nyamaza kidogo," alisema Fundi. Alikuwa bado anaitazama bitana. Alipitisha ukucha chini ya mchirizi mmoja, ukabanduka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Pasi ilikuwa alama ya ngapi?"

"Dada, nakuomba msamaha, wewe unaniuliza..."

"Alama ya ngapi!"

"Ya pili. Koti hili haliwezi moto mkali, ukiweka ya tatu linasinyaa."

"Una hakika? Hukuigusa? Haikuteleza?"

Mstari akajinyoosha. Hata katika msiba wake, kuna maneno ambayo hawezi kuyakubali. "Dada, nitakosea mfuko. Moto sikosei."

Fundi akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu kununa kuanze. "Lete pasi," alisema, lakini hakusubiri iletwe. Alikuwa ameshatoka, anavuka ua mbio, kitambaa kinamwanguka kichwani, anapita mbele ya mama yake bila kumwona.

Aliigeuza pasi kichwa chini, akaibana katikati ya matofali mawili, uso wa chuma ukatazama juu. Akaiwasha. Akaizungusha mpaka alama ya pili, akamwita mdogo wake aangalie kama ndipo. Ndipo. Akakimbia bandani, akarudi na vitu vitatu kiganjani: kipande cha waya wa lehemu anaoungia vyombo, kipande cha lile donge la kwanza alilochekewa, na mchirizi alioubandua kwenye bitana. Akavipanga juu ya chuma, kimoja kimoja, mbalimbali.

"Sasa mnapika pasi?" aliuliza mama. "Mmeona vioo havitoshi?"

"Subiri, Mama."

Wakasubiri wote watatu, wameinama, vichwa vimekaribiana. Taa ndogo ya pasi ikawaka, ikazima, ikawaka. Lehemu imekaa. Bati limekaa. Mchirizi nao umekaa, na Mstari alikuwa ameanza kukata tamaa kwa jambo ambalo hata hakulielewa, pale alipoona ncha yake inalegea. Ikawa ya mviringo. Kisha mchirizi mzima, kwa ghafla, ukajikusanya ukawa tone, tone jeupe la kung'aa, linatetemeka juu ya chuma kila mtu akipumua.

Lehemu bado imekaa. Bati bado limekaa.

Fundi akakaa chini sakafuni, papo hapo alipokuwa, kama mtu aliyeondolewa kiti chini yake.

"Si bati," alisema.

"Una maana gani?" Mstari aliuliza.

"Bati haliyeyuki hapo. Linataka zaidi ya mia mbili. Risasi inataka zaidi ya bati. Zinki ndiyo usiseme. Hata lehemu, tazama, imekaa tu. Na pasi hii haivuki mia na sabini, niliitengeneza mimi, niliipima mimi." Akalinyooshea tone kidole. "Kilichomo kwenye vile vioo kinachoyeyuka kwenye moto mdogo hivi ni kimoja. Ni yenyewe, mdogo wangu. Labda ina uchafu kidogo, mashine itasema. Lakini ni yenyewe."

"Kwa hiyo sikukuharibia?"

"Umeiyeyusha tu. Tutaikwangua, tutaiyeyusha tena, haijapotea hata punje." Alikuwa analia na kucheka, vyote pamoja, anajifuta kwa pindo la koti lile lile. "Na mimi mjinga mkubwa! Kipimajoto ninacho, halafu kila siku naiweka kwenye mkaa mwekundu. Pale kila kitu kinayeyuka, naona mchuzi tu. Kutia moto mdogo hakukunijia kabisa."

"Na ningeweka alama ya tatu?"

"Ungeweka alama ya tatu, lehemu nayo ingeyeyuka, koti lingesinyaa, na mimi ningekuua."

Mstari akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamtoa na machozi ambayo hakujua alikuwa nayo. Alikaa sakafuni karibu na dada yake, na mzigo ulimshuka mabegani waziwazi, kama gunia unalolitua mlangoni baada ya njia ndefu. Mama aliwatazama wote wawili pale chini, watu wazima na akili zao, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sufuria ndogo.

"Chukueni," alisema. "Safari hii natoa mwenyewe. Mlete nyingine mpya."

Asubuhi meza ya dobi ilikuwa tupu. Wateja waliokuja walikuta pasi imefunikwa, jambo ambalo hawakuwahi kuliona, wakadhani kuna msiba. Mstari alikuwa njiani na dada yake. Hakumwomba ruhusa, alimfuata tu, amevaa suruali yenye mstari wake wote, akisema safari hii hatasimama mlangoni peke yake.

Na kweli walisimama mlangoni wawili. Kwa Mnunuzi palikuwa na mapipa ya nyaya, makasha ya simu zilizokufa, na, karibu na mlango, meza yenye taa kali. Mwenyewe alikuwa na miwani juu ya paji la uso. Alimwona Fundi, akamkumbuka, na tabasamu lilianza kumjia usoni kabla ya salamu.

"Mama wa bati! Habari za vioo?"

"Nzuri," alisema Fundi. Akatoa mfukoni tone lake, sasa limekuwa kidonge kizuri cha mviringo, akaliweka mezani.

Mnunuzi akaelekeza mashine. Mashine ikalia. Akaisoma. Akashusha miwani, akaisoma tena. Akakigeuza kidonge upande wa pili, akaelekeza tena, na Mstari, aliyekuwa akimtazama yeye wala si mashine, akaliona lile tabasamu linaondoka na kitu kingine kinakaa mahali pake.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye vioo."

"Vioo vya televisheni?"

"Vilevile nilivyokuletea bati lake."

Mnunuzi akageuka nyuma, akamwita mtu wake aliyekuwa akipanga nyaya. "Wewe! Acha hizo. Lete kiti cha fundi." Akaona wako wawili. "Viti viwili."

Fundi akakaa. Alikaa polepole, ameweka mikono juu ya magoti, na Mstari aliyekuwa pembeni yake alisikia pumzi ndefu ikimtoka, pumzi iliyokuwa imebanwa tangu siku ile ya kwanza aliposimamishwa pale mlangoni. Mnunuzi alikuwa na maswali mengi sasa. Ana vioo vingi kiasi gani? Anaweza kuleta kila baada ya muda gani? Na aliwezaje kuijua kabla ya kuja, hana mashine?

"Ndugu yangu aliipiga pasi," alisema Fundi.

Mnunuzi akasubiri maelezo. Hakupewa. Wale wawili walikuwa wameangalia chini, mabega yanawatikisika.

Lori halikuitwa. Sufuria mpya ilinunuliwa, na mama akatangaza kwamba hiyo hakuna wa kuigusa mpaka afe. Koti la buluu lilibaki na doa jeupe kwenye bitana, doa dogo la kung'aa lililokataa kubanduka, na Fundi hakutaka lisumbuliwe. Barazani mteja mmoja wa zamani, kwa kuzoea, alimuuliza Mstari kama vile vioo vimeiva. "Vimeiva," alijibu. "Na wewe hukuja na sahani."

Siku chache baadaye, mama alikuwa ameketi mahali pake katikati ya ua, anakanda magoti yake, alipomwona Fundi anatoka bandani na koti mkononi. Kwa mazoea akaanza kuinuka, mkono mmoja kwenye kiti, mdomo umeshafunguka tayari kupokea ujumbe.

"Mdogo wangu!" Fundi aliita kwa sauti, juu ya kichwa cha mama. "Nakuletea koti! Mfuko wa ndani una kitu!"

"Nimesikia, Dada!"

Mama akafunga mdomo. Akawatazama wakikutana mezani, mmoja anakabidhi, mwingine tayari ameshaingiza vidole mfukoni. Kisha akakaa tena taratibu, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele yake, akaipumzisha.